Ramani ya Moshi

Nimechora karakana kwa chaki, sakafuni,
kwa sababu karatasi huungua hapa.
Futi ishirini kwa kumi na nane. Mlango mmoja.
Dirisha moja ambalo Gakuru, mwenye jengo,
aliliziba kwa matofali mwaka ule wa wizi.
Hapa meza. Hapa mitungi ya gesi, imefungwa mnyororo.
Hapa alikuwa akisimama Aswani.

Aswani alinifundisha kila kitu isipokuwa kupumua.
Akichomelea mabati ya zinki mchana,
jioni alitetemeka kama mwenye malaria,
meno yakigongana, akaagiza pakiti mbili za maziwa.
"Maziwa huosha," alisema,
na Kariobangi nzima ilisema hivyo hivyo.
Nikanunua, nikanywa, nikatetemeka.
Maziwa yalikwenda tumboni.
Moshi ulikuwa na njia yake.

Sasa mashine ni yangu. Yeye yuko kwao Malava,
akienda kisimani hupumzika mara mbili.

Kimanthi, mwanagenzi wangu, ana shauri:
tuning'inize kofia ya bati juu ya meza, kama ya jiko la hoteli,
moshi si hupanda wenyewe?
Nikamwambia, inama kama unayechomelea.
Akainama. Nikainua chaki taratibu
kutoka penye cheche kuelekea darini,
ikapita kidevuni, ikapita mdomoni,
ikamwachia alama nyeupe puani.
Akaishika pua yake kama aliyeibiwa.

Basi mdomo wa bomba utakaa ubavuni mwa kazi,
shubiri moja na nusu kutoka penye moto.
Si mbali: moshi ni mtoto,
ukimwita toka ng'ambo hasikii.
Si karibu mno: utanyonya hata gesi inayolinda mshono.
Bomba la inchi sita. Kona chache,
maana kila kona hutoza ushuru.
Feni nimeiona Gikomba, ya mtumba,
ilitoka kiwanda cha biskuti,
bado inanukia vanila.

Tukaazima nyingine ndogo, tukaijaribu mlango ukiwa umefungwa.
Ikalia, ikalia, moshi ukasimama palepale,
na mlango tulipousukuma ukagoma,
kama kwamba mtu ameuegemea kwa nje.
Hapo nikaelewa: hewa haitoki pasipo kuingia hewa.

Nikaenda kwa Gakuru kuomba dirisha langu.
"Na wezi?" akauliza.
Nikamwambia, wezi huja usiku, tena si kila usiku.
Huyu wangu hufika saa mbili asubuhi,
hajakosa hata siku moja.
Grili nitaichomelea mwenyewe, bure.
Alikuwa akitikisa kichwa mpaka aliposikia bure.

Nyuma ya ukuta kuna Wambeti na cherehani yake,
na mashati ya shule, meupe, yamening'inia kwenye kamba.
Bomba likiishia ukutani,
nitakuwa nimemhamishia kifua changu.
Kwa hiyo litapanda, lipite paa, liongeze futi kumi,
bila kifuniko cha kuurudisha moshi chini.
Mvua ikiingia, itatokea kwenye tundu
nitakalolitoboa kiwikoni.
Nilipomweleza alinisikiliza na pini mdomoni,
kisha akanikatia uzi mweupe, vipande kumi na viwili.
Tumevitundika kila pembe.
Vinane vinainama kuelekea feni.
Vinne vimelegea tu, kule kwa mitungi,
na sijui bado nivifanyeje.

Usiku nikampigia Aswani, nikamsomea ramani yote:
dirisha, nyuzi, bei, biskuti.
Hakucheka.
"Bomba inchi ngapi?"
Sita, nikasema.
Akanyamaza. Nikamsikia akivuta hewa,
akivuta tena, kama mtu anayepandisha ndoo
kwa kamba iliyojaa mafundo.
"Weka nane," akasema.

Nane haimo katika hesabu yangu.
Nimepiga magoti. Nimeifuta sita kwa kiganja.